Hewa Kwanza: Kupoza Hema la Harusi Malindi Msimu wa Kaskazi

Kila mama anayeoza binti yake kati ya Disemba na Aprili huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Una AC za hema?" Ninazo. Lakini kabla sijataja bei humwuliza mimi: hema litafungwa, au litaachwa wazi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama wageni watakaa mpaka bi harusi atolewe, au watamiminika nje saa tatu usiku wakijipepea kwa sahani za plastiki.

Nakodisha feni, viyoyozi na jenereta hapa Malindi. Mahema, viti na mapambo nawaachia wenzangu. Ninachokiona kila msimu ni kwamba watu wananunua baridi kwa jina tu, na wauzaji wengi wanawauzia hilo hilo jina bila kuwaeleza kitakachotokea hewani hema likishajaa. Nataka kueleza. Pesa za harusi ni pesa za jasho, mara nyingi mchango wa ukoo mzima, na ndani ya hema lile kuna bibi wa miaka 80, kuna mjamzito, na kuna bi harusi aliyebeba nguo nzito na dhahabu tangu alasiri.

Miaka hii kalenda nayo haitusaidii. Harusi zetu nyingi huwekwa kabla ya Ramadhani, mwezi wa Mlisho, yaani Shaaban, au mara tu baada ya Idi ndogo. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mwaka 2026 Ramadhani yenyewe inaangukia Februari na Machi. Kwa hivyo harusi za kabla yake ziko katikati ya kaskazi, na za baada yake ziko mwisho wa Machi na Aprili, kaskazi imechoka na kusi haijaingia. Hakuna majira mabaya zaidi ya kumfungia mtu ndani ya turubai.

Kwa kipimo, joto letu si kali. Mchana wa Machi Malindi hufika nyuzi 31 au 32, na watu wa Garissa wakisikia nambari hiyo huona tunadeka. Kinachotuumiza ni unyevu. Hewa inayotoka baharini imebeba maji, asilimia 70, na usiku hupanda hata kupita 80. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka, na hewa iliyokaribia kushiba maji hukausha kidogo mno. Ndiyo maana mtu hukaa kivulini, ametulia, hafanyi kazi yoyote, na bado shingo inamchuruzika.

Dawa ya hali hiyo ni hewa inayotembea. Ngozi ya mtu ina joto la nyuzi 34 hivi, na hewa yetu ina 32. Maadamu joto la hewa liko chini ya joto la ngozi, kila upepo unaompita mtu unaondoka na joto lake kidogo, na unaisukuma mbali ile hewa iliyolowa jasho inayomganda mwilini. Joto la hemani halikushuka hata nyuzi moja, lakini mtu anapumua. Kwenye kazi zangu feni ndizo za kwanza kuorodheshwa, na vingine vyote vinafuata baada yake.

Sasa tuzungumze kuhusu feni za maji, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Nasema yale makabati ya plastiki yenye magurudumu, tangi la maji chini na pedi nene mgongoni. Feni iliyo ndani huvuta hewa ipite kwenye pedi iliyolowa. Maji yanakauka, na yanapokauka yanachukua joto la hewa. Ni mashine nzuri kabisa mahali pake. Penye nyuzi 36 na unyevu wa asilimia 30, hewa inaweza kutoka imeshuka nyuzi 10 hivi. Huku kwetu hewa imekaribia kushiba tayari, basi hata ikifanya kazi vizuri itashusha nyuzi tatu, labda nne, na kila nyuzi moja inayoshuka inalipwa kwa maji zaidi hewani. Hema likiwa wazi, upepo unayachukua maji hayo na mtu anapata nafuu kidogo. Hema likiwa limefungwa, hayana pa kwenda.

Nimeyaona haya nikiwa mgeni wa kawaida, kwenye harusi moja ya Maweni. Feni za maji zilikuwa zimepangwa kuzunguka hema, pande zote nne zimeshushwa na kukazwa kwa vibanio. Nusu saa ya kwanza kina mama walifurahi, kila mtu anatafuta kiti karibu na mashine. Baadaye hewa ikawa nzito. Matone yakaanza kuonekana kwenye vyuma vya hema, kisha kwenye turubai lenyewe juu ya vichwa vyetu, na moja moja yakaanza kuangukia meza ya keki. Moshi wa udi haukupanda tena, ukabaki usawa wa nyuso. Mpambaji alikuwa amesimama mgongoni mwa bi harusi na mkono umejaa tishu, anamgusa kwenye paji la uso, anamgusa juu ya mdomo, anabadilisha tishu, na poda inaondoka nayo kila mara. Shangazi mmoja mtu mzima akaenda akainua pembe ya turubai kwa mkono wake, akaishikilia. Viti vyote vya upande ule vikaanza kusogea kwake.

Yule shangazi ndiye aliyekuwa fundi wa usiku ule. Mashine zilizolipiwa zilikuwa zinazidisha tatizo, na pembe moja ya turubai ililitatua kwa wale waliokuwa karibu.

Lakini asingeweza kuiinua kwa muda mrefu, na sababu yake inajulikana. Hafla ya wanawake ina stara yake. Kina mama wanavua mabuibui, wamejipamba, wanacheza, wako huru kwa sababu wanajua hakuna jicho la nje. Sitamwambia mtu afungue hema ili apate upepo, na mkodishaji anayeongea hivyo hajui anafanyia kazi wapi. Ninachosema ni kwamba jicho huenda kwa mstari ulionyooka, na hewa hupinda kona. Ukilijenga hema kwa kulizingatia jambo hilo, stara inabaki nzima na upepo unaingia.

Nafanya hivi. Kabla ya hema kusimama naenda pale mahali jioni, saa ile ile ya hafla ikiwezekana, nasikilizia upepo unatoka wapi. Wakati wa kaskazi utatoka upande wa bahari, kaskazini-mashariki, lakini vichochoro vya Barani au Shela ya huku kwetu Malindi vina nyumba zilizobanana na ukuta mmoja unaweza kuugeuza upepo wote. Upande unakotoka upepo siweki pazia moja. Naweka mawili, moja nje na moja ndani, yameachana kiasi cha hatua moja na yanapishana, tundu la hili linakutana na kitambaa cha lile. Anayepita nje anaona kitambaa tu. Upepo unaingia, unapinda, unatokea ndani. Nyuma ya pazia la ndani nasimamisha feni kubwa za inchi 30 zikisukuma kuelekea kwa watu.

Upande wa pili kazi iko juu. Hewa moto hupanda, basi kati ya ukuta wa turubai na paa naomba iachwe nafasi ya nusu mita, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Hapo nafunga feni zikitazama nje, zinatoa. Feni za kusukuma bila za kutoa ni nusu ya kazi, kwa sababu hewa ile ile inazungushwa, na kila dakika ina jasho zaidi. Na lazima uangalie majirani wa ghorofa. Nafasi ya juu isiyoonekana barabarani inaweza kuwa wazi kabisa kwa mtu aliyesimama kwenye roshani ya orofa ya pili. Hapo tunashusha kitambaa chepesi nje kidogo ya ile nafasi, au tunahamishia matundu upande mwingine.

Hapa ndipo ninapogombana na wapambaji, na sichoki kugombana nao. Wanapenda vitambaa vishuke kutoka dari mpaka sakafuni, vimejaa, hakuna chuma kinachoonekana. Inapendeza kweli. Lakini vitambaa vile vinaziba ile nafasi ya juu yote, na ukija kugundua saa mbili usiku umechelewa. Siku hizi naomba mpambaji, mwenye hema na mimi tukutane mbele ya mama harusi siku ya kutoa arubuni. Dakika chache zinatosha. Kila mmoja anaonyesha atakapoweka vitu vyake, na mama mwenyewe ndiye mwenye uamuzi.

Kwa wanaotaka viyoyozi vya kweli, hesabu yake iko hivi, na ni vizuri kila anayekodi aijue. Mtu aliyekaa ametulia hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu ya zamani inayowaka. Akicheza hutoa mara mbili na zaidi. Wanawake 300 ni kilowati 30 kabla hujahesabu taa, kabla hujahesabu masufuria ya pilau, kabla hujahesabu jua lililokuwa likilipiga paa mchana kutwa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa kilowati 3.5. Kwa watu peke yao unahitaji karibu 9. Kwa hema zima, na turubai lilivyo jembamba, 15 si vingi. Kila kimoja kinakula zaidi ya kilowati moja ya stima, basi 15 vinahitaji jenereta ya kVA 30 na dizeli ya usiku kucha.

Anayeweza kulipa gharama hiyo, nitamfungia na nitamfungia vizuri. Shida ni yule anayekodi vinne kwa watu 300 kwa sababu ameambiwa vinatosha. Kiyoyozi kinataka hema lifungwe. Umelifunga, umezuia upepo, na vile vinne vinaondoa kilowati 14 wakati wageni wanatoa 30. Hema hilo litakuwa na joto kuliko lile la jirani aliyekodi feni tupu. Bi mmoja mkubwa aliwahi kuniambia, "Mwanangu, wageni wakiziona AC watajua tumewaheshimu." Nikamjibu, "Shikamoo mamangu, lakini wakianguka kwa joto mbele ya AC watasema nini?" Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza feni ngapi zinahitajika.

Mahali ambapo viyoyozi vichache vina faida kubwa ni chumba cha kupambia. Chumba kidogo cha nyumba, kuta za mawe, mlango unaofungika, watu watano au sita. Kimoja kinatosha. Bi harusi anatoka akiwa mkavu, nguo haijamganda mgongoni. Cha pili naweka kwenye chumba kingine cha karibu kwa ajili ya wazee, wajawazito na yeyote anayeanza kuona kizunguzungu. Mtu akianza kutapika, akichanganyikiwa, au ngozi ikiwa moto sana, huyo haendi chumbani kupumzika tu. Anamwagiwa maji, anapepewa, na anapelekwa hospitali.

Upande wa umeme nitasema machache ambayo mtu asikubali kuyapuuza. Jenereta ya kVA 20 haikupi kilowati 20, inakupa 16, na usiipakie mpaka mwisho wake. Feni na viyoyozi vina mota, na mota ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, kwa hivyo viwashwe kimoja kimoja. Waya mwembamba mrefu uliotolewa nyumba ya tatu unapunguza nguvu njiani. Feni zinazunguka kwa uvivu, mota zinachemka, na wenyewe mnadhani feni ni mbovu. Kila waya unaogusa mchanga au nyasi zilizolowa upitie kwenye kikata umeme cha milliampia 30, kile kinachojizima stima ikivuja. Na jenereta ikae upande upepo unakokwenda. Wakati wa kaskazi ni kusini-magharibi ya hema, ikifika kusi unageuza. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na feni za kusukuma zikiwa karibu nao zitawapelekea watu sumu hiyo usoni.

Hafla za ufuoni ni habari nyingine. Silversands au kwenye bustani za hoteli za Casuarina hakuna anayeficha upepo, na hapo mitambo ya ukungu inafanya kazi kwa kiasi chake. Mtambo mzuri unasukuma maji kwa nguvu ya baa 70 hivi, matone yake ni madogo mno na yanakauka kabla hayajamfikia mtu. Ule wa bei rahisi unaofungwa moja kwa moja kwenye bomba unalowesha watu, na hina mbichi ikilowa imeharibika. Maji yenyewe ni lazima yawe ya mfereji, yale yanayotoka Baricho, na yachujwe. Visima vyetu vingi vina chumvi na chokaa, na pua za mtambo zinaziba usiku mmoja. Tangi lisikae na maji yaliyolala siku nyingi, kwa sababu ukungu unaingia mapafuni pamoja na vilivyomo majini.

Ufuo pia unakula vifaa. Feni ikirudi siilazi hivi hivi. Tunafungua wavu wa mbele, tunafuta pangaboi kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, na kitambaa kinatoka na utando wa kijivu unaonata, chumvi na vumbi na mafuta ya udi pamoja. Ukiuacha utando huo wiki moja, bearingi zinaanza kupiga kelele, na feni inayopiga kelele haifai kwenye hotuba wala kwenye kisomo.

Kusi likiingia simu zinabadilika. Mara nyingine wapangaji wa harusi kutoka bara hunipigia Julai wakitaka majiko ya gesi ya kupasha joto bustanini, yale marefu yenye kofia, kwa sababu wamezoea Limuru na Nanyuki. Kule yana maana. Jiko kubwa la aina hiyo linachoma karibu kilo moja ya gesi kwa saa, kwa hivyo mtungi wa kilo 13 unamaliza hafla ya usiku. Halifai kabisa ndani ya hema lililofungwa, hata kule, kwa sababu ya ile ile sumu isiyo na harufu. Malindi ya Julai inahitaji vigingi virefu na kamba imara zaidi ya jiko. Kusi linang'oa hema.

Lamu napenda kufanya kazi ingawa kuna taabu ya kufika. Mzigo unakwenda kwa lori kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, unashushwa jetini, unaingia mashuani, na Amu, yaani Lamu mjini, unapokelewa na hamali na punda. Jenereta kubwa haipiti kwenye vichochoro vile, basi huchagua feni nyingi nyepesi na jenereta mbili ndogo badala ya moja kubwa. Na mara nyingi sihitaji hata hizo zote. Ukiingia nyumba ya mawe ya zamani, ukapita daka la mlangoni, ukafika kiwandani, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, unasikia hewa inashuka kutoka juu na kupita vyumbani. Kuta za matumbawe ni nene na haziruhusu jua kuingia. Barabara zenyewe ni nyembamba kiasi kwamba nyumba moja inaitilia nyingine kivuli. Waliojenga walijua unyevu huu huu. Nikiwa na harusi Amu huomba kwanza nione nyumba, halafu ndiyo niseme kama hema linahitajika.

Kwenye matanga sichukui kodi ya feni. Watu wanalipa dizeli peke yake. Hitma ya mchana, wazee wamekaa chini ya turubai la bluu linalopitisha joto lote, hakuna aliyejiandaa wala kuweka akiba. Kama mwenye hema ana turubai jeupe, naomba litumike hilo, maana linarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijaingia.

Unapokwenda kukodi, kwangu au kwa mwingine yeyote, muulize anayekukodisha hewa itaingilia wapi na itatokea wapi. Asipokuonyesha kwa kidole, usitoe arubuni. Muulize vifaa vyake vyote kwa jumla vinakula kilowati ngapi, na jenereta inatoa ngapi. Kisha muulize nani atakuwa ndani ya hema feni ikizimika.

Swali hilo la mwisho ndilo ninalohangaika nalo sana siku hizi. Mafundi karibu wote ni wanaume. Hafla ya wanawake ikishaanza hawawezi kuingia, na hawapaswi. Soketi ikilegea saa nne usiku, inabidi kina mama wajifunike wote, ngoma isimame, kijana aingie macho chini, atengeneze, atoke. Mimi ni mwanamke, naingia mwenyewe ninapoweza, lakini Jumamosi moja ya Mlisho inaweza kuwa na harusi tatu. Kwa hivyo nafundisha wasichana: kuunganisha waya, kusoma mita ya jenereta, kuwasha mota kwa zamu, kuhamisha feni upepo unapogeuka, kumtambua mgeni anayezidiwa na joto. Wawili wameshaanza kusimamia hema peke yao, na kazi yao ni safi. Kama una binti amemaliza shule, haogopi stima na ana subira ya kukesha, mwambie anitafute kabla Shaaban haijaingia.